Bi Mkasi na Mchonga Farasi

Bi Mkasi hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa karakanani, mwaka ule ule alioanza kazi, likamganda mpaka mama yake mzazi naye akawa analitumia siku akiwa na furaha. Wakati huo alikuwa bado msichana, ametoka kwenye duka la kushona sare za shule ambako kazi yake ilikuwa kukata tu: kola, mifuko, mikono ya mashati. Duka lilipofungwa akabaki nyumbani hana la kukata, mpaka shoga yake mmoja akamwambia kwamba nyuma ya soko la mbao kuna karakana inatafuta mtu mwenye mkono mtulivu.

"Wanashona nini?" aliuliza.

"Hawashoni. Wanatengeneza vitu vya mbao."

"Sasa mkasi wa nini?"

"Nenda kaulize mwenyewe, mimi si msemaji wao."

Alikwenda. Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye paa la bati, na maranda yalikuwa yamejaa sakafuni mpaka mtu akitembea unadhani anakanyaga majani makavu. Mashine ya kukerezea ilikuwa inanguruma katikati, na mbele yake alisimama mwanamume mfupi, mnene, penseli sikioni, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Huyo ndiye aliyekuwa akiitwa Bosi. Alizima mashine, akamtazama mgeni wake vidole badala ya uso, kisha akamletea mfuko wa kitambaa.

"Ingiza mkono humo. Usichungulie. Niambie unashika nini."

Msichana akaona haya kidogo, lakini njaa haina haya. Akaingiza mkono.

"Hiki ni kitasa cha mlango," alisema.

Bosi akacheka. "Endelea."

"Hili ni kopo la chumvi, lakini lina meno juu. Hiki kina kichwa kama cha mtu, na mtu mwenyewe amefungua mdomo upande mmoja. Hiki kimevaa taji. Hiki nacho kirefu, kina msalaba utosini." Vidole vikaendelea kupapasa. "Na huyu ni farasi. Huyu hata mtoto angemjua."

"Umeshaona hata siku moja watu wakicheza sataranji?"

"Sijawahi."

"Basi kesho njoo mapema. Ukiacha farasi, hukujua jina la hata kete moja, lakini hukuchanganya hata moja. Kazi yetu hapa ndiyo hiyo: mkono usichanganye."

Karakana ile ilikereza miguu ya meza, nguzo za ngazi na miti ya kusukumia unga, na hivyo ndivyo vilivyowalisha. Lakini Bosi alichojivunia ni sataranji. Asubuhi ya kwanza alimpangia mfanyakazi wake mpya kete mezani, kutoka mrefu hadi mfupi, akamtambulishia kama anayetambulisha ukoo. Mfalme mwenye msalaba. Malkia mwenye taji la ncha ncha. Askofu, ambaye kile alichodhani ni mdomo kumbe ni mkato kwenye kofia yake. Farasi. Ngome, lile kopo la chumvi. Mwisho wale wadogo wenye vichwa vya mviringo, vitunda, askari wa mstari wa mbele.

"Watazame maumbile yao," alisema Bosi. "Kiuno chembamba, makalio mapana, wote, kuanzia mfalme mpaka kitunda. Kiuno ni kwa ajili ya vidole vya mchezaji. Makalio ni ili wasianguke ovyo. Na humo ndani tunatia risasi, yale madini mazito, akiguswa ayumbe kidogo kisha asimame mwenyewe."

"Nani aliwaza yote haya?"

"Si mimi, wala si baba yangu aliyenifundisha. Ni umbo la zamani. Wachezaji wa mashindano walilipenda, wakakubaliana nalo, basi. Ukienda kushindana ugenini, lugha huijui, chakula hukijui, lakini hawa ukiwaona unawajua."

Kazi ya Bi Mkasi ilikuwa kuwavalisha viatu. Alikata miduara ya kitambaa kizito cha sufu, rangi ya kijani, akaipaka gundi na kuibandika chini ya kila kete. Bila kitambaa, Bosi alisema, kete hukwaruza ubao kama kiti cha mgeni anayejifanya anaondoka. Ikionekana pembe, ikizidi ukingo hata unywele, alirudishiwa. Mwanzoni alirudishiwa nyingi. Baadaye hakurudishiwa tena, na ndipo jina lilipokuja.

Dirishani, kwenye mwanga mzuri kuliko wote, alikaa kijana mmoja mwembamba aliyeitwa Kimya. Kete nyingine zote zilitoka kwenye mashine, ila farasi mashine haimwezi. Unaweza kukereza tako lake tu. Kichwa chake lazima kichongwe kwa mkono, kwa patasi ndogo kama vijiko vya mtoto, kisha kigundishwe juu yake. Kimya hakufanya kazi nyingine yoyote. Alichonga vichwa vya farasi kutwa, kila siku, na kwa wiki kadhaa Bi Mkasi hakumsikia akitoa neno zaidi ya salamu. Siku moja akawa anambeba farasi kumpeleka kwenye gundi, sauti ikatoka dirishani.

"Usimshike masikio."

Akashtuka. "Kumbe unaongea?"

"Masikio ndiyo yanayovunjika kwanza. Mshike shingo."

"Shikamoo, Bwana Masikio," alisema Bi Mkasi, na Bosi akaangua kicheko mpaka akazima mashine.

Tangu siku hiyo alimshika kila farasi shingo, na kila mara aliinua macho kuelekea dirishani kuhakikisha ameonekana. Mapenzi yao yalikwenda pole pole. Kimya alimsindikiza mpaka kona ya soko, kisha mpaka kituoni, kisha mpaka mlangoni kwao, na mama yake Bi Mkasi akawa anapika chakula cha ziada bila kuambiwa. Mwisho mama ndiye aliyechoka.

"Wewe baba," alimwambia siku moja akimwekea sahani, "unakuja kula kwangu kila Jumamosi, umeshamaliza kiti changu kwa kukikalia. Una neno au huna?"

Kimya akatazama sahani, akamtazama Bi Mkasi, akasema, "Ninalo."

"Haya, nimelisikia," alisema mama. "Karibu mwanangu."

Walioana, wakapanga vyumba viwili jirani na soko la mbao, wakapata binti. Bi Mkasi alimlaza kwenye kasha la maranda chini ya meza yake ya kukatia. Mtoto alilala kwenye kelele za mashine na kuamka inapozimwa. Ukimuuliza Bi Mkasi leo wakati gani ulikuwa wake mzuri, atakwambia ni ule, kabla ya swali lako kuisha.

Kisha akaja mwenye hoteli. Alikuwa mtu mwenye sauti kubwa na viatu vinavyong'aa, akaingia na picha kichwani ya kitu anachokitaka. Hakutaka zile kete za mashindano. "Hizi kila mtu anazo," alisema. Alitaka wafalme wenye ndevu, malkia wenye hereni, maaskofu waliopiga magoti, na farasi wazima, miguu, mkia na yote, wanaokimbia. Bosi akakuna kichwa. Alikuwa karibu kukataa, ndipo Kimya aliposimama dirishani na patasi yake.

"Mimi nitachonga," alisema. "Wote."

Bi Mkasi hakuwahi kumwona mumewe vile. Mtu aliyekuwa akichonga uso mmoja tangu ujana wake, ghafla alikuwa amefunguliwa zizi. Alikuja nyumbani anaongea. Alieleza jinsi ndevu za mfalme zinavyofuata mishipa ya mti. Alikwenda kusimama kwenye uwanja wa mbio kutazama magoti ya farasi halisi, akarudi akimwonyesha binti yao kwa vidole mezani jinsi mguu wa nyuma unavyokunjika. Alipiga mluzi akioga. Jirani mmoja alimuuliza Bi Mkasi kama mumewe amepandishwa cheo.

Jioni moja alileta nyumbani farasi wawili na kuwasimamisha kwenye kitambaa cha meza. Mmoja alikuwa mpya, shingo imenyooka, kwato mbili hewani, mkia umepeperuka. Mwingine alikuwa yule wa siku zote, kichwa na shingo tu, kidevu kimeshuka, ametulia juu ya tako lake la mviringo.

"Yupi mzuri?" aliuliza.

Bi Mkasi hakuharakisha. Alijua swali ni zito kuliko lilivyosikika.

"Huyu anayekimbia ndiye mzuri," alisema. Kimya akatabasamu. "Lakini huyu mwingine ndiye ningemshika."

"Maana yake nini?"

"Sijui maana yake. Umeniuliza, nimekujibu."

Tabasamu halikuondoka lote, lakini lilipungua, na Bi Mkasi akala chakula chake akijilaumu kwa kuwa na mdomo.

Kete zilipokamilika, Bosi akasema si vizuri kukabidhi kazi bila kuijaribu. Akawaita wateja wake wawili wa zamani, kinyozi wa mtaa wa pili na karani wa posta, watu waliokuwa wakichezeana tangu hawana mvi. Wakakaa. Walisifu mpaka wakaishiwa sifa. Kisha wakaanza kucheza, na mambo yakaharibika. Kinyozi alinyoosha mkono kuchukua kitunda, mkia wa farasi ukanasa kwenye kishikizo cha shati, farasi akaburuta ngome na ngome ikaangusha mfalme. Wakapanga upya. Karani akasogeza malkia wake kwa mbwembwe, kumbe ameshika askofu aliyepiga magoti.

"Umeshacheza hiyo!" kinyozi alipiga kelele. "Ukigusa umegusa!"

"Nitajuaje, na wote wamevaa magauni?"

"Malkia ana hereni!"

"Nimekuja kucheza au kukagua masikio ya watu?"

Wote walicheka, Bosi zaidi ya wote. Kimya alicheka pia. Lakini farasi mmoja alikuwa amevunjika mguu kwenye ile purukushani, na alipokwenda dirishani kuugundisha, Bi Mkasi aliona mgongo wake, akajua kicheko kile kilikuwa cha heshima tu.

Mwenye hoteli hakujali. Yeye mwenyewe hakuwa mchezaji. Alilipa kwa moyo mkunjufu, akaziweka kete zake kwenye kabati la kioo ukumbini kwa wageni, na taa ndogo juu yake. Kwa muda Kimya alikuwa akipitia huko akitoka kazini, anasimama nje ya dirisha kubwa kuwatazama farasi wake wakikimbia pale pale waliposimama. Siku moja mlinzi alimuuliza anamsubiri nani. Hakwenda tena.

Akarudi kwa yule farasi wa zamani, lakini alimchonga kama mtu anayemenya viazi. Kazi ilikuwa safi, huwezi kumkuta na kosa. Nyumbani alikuwa mpole na mbali. Bi Mkasi alimwachia nafasi yake. Mke wa mtu kimya hujifunza kusikiliza kisichosemwa, na alichosikia wakati ule kilimuuma: mumewe alikuwa amejua kwamba anaweza zaidi, na kwamba hayo zaidi hayana pa kwenda.

Mambo yaliendelea hivyo mpaka ukaja mwaka wa mashindano makubwa. Ukumbi wa mji ulihitaji sataranji nyingi kuliko walizowahi kutengeneza kwa pamoja, na zote ziliagizwa kwa Bosi. Walifanya kazi mpaka vidole vya Bi Mkasi vikageuka kijani. Walipomaliza, Bosi akawapatia nafasi ya kuingia kutazama. Ilikuwa mara yao ya kwanza. Miaka yote ile walikuwa wakitengeneza kete bila kuziona zikifanya kazi yake, kama mshonaji asiyealikwa harusini.

Walivaa nguo zao nzuri. Binti yao, aliyekuwa ameanza shule, aliwekwa katikati yao kwenye viti vya pembeni. Mbele yao kulikuwa na safu za meza, na kila meza watu wawili wameinamisha vichwa. Hakuna aliyezungumza. Kilichosikika ni saa za mashindano zikibofywa kila mchezaji amalizapo zamu yake, na kati ya mbofyo na mbofyo kete zikishuka ubaoni kwa sauti ndogo, laini, kama mtu anayeweka kidole kwenye mto. Bi Mkasi aliisikia sauti ile, akaelewa kwamba ni yake. Akashika mkoba wake kwa mikono miwili.

Kimya alikuwa ameinamia mbele, macho kwenye meza ya karibu, ambako kijana mwenye miwani alikuwa amemtoa farasi nje ya ubao.

"Mbona wamemtoa mapema hivi?" alisema kwa sauti.

Msimamizi akageuka. "Ndugu, kimya tafadhali."

Bi Mkasi aliziba mdomo kwa mtandio. Tangu azaliwe mtu yule hakuwahi kuambiwa anyamaze. Mabega yalimtikisika, machozi yakamtoka, na binti yao akamuuliza kwa kunong'ona, "Mama unalia?" jambo lililozidisha balaa.

Alipofuta macho, aliona mumewe hana habari naye. Alikuwa akitazama meza nyingine, aliyokaa msichana wa shule, nywele zimesukwa, akicheza na mzee mwenye suti. Msichana alikuwa kwenye shida. Mtu yeyote angeona hivyo kwa jinsi alivyouma mdomo. Alikuwa ameshika farasi aliyemteka, amemweka kiganjani, na huku akiwaza alikuwa akimpapasa pua kwa kidole gumba, juu chini, juu chini, bila kujua. Alifanya hivyo kitambo kirefu. Kisha akamweka farasi pembeni, akasogeza kitunda, akabofya saa, na akamchukua farasi tena.

Waliporudi nyumbani kwa miguu, mtoto amelala begani kwa baba yake, Kimya ndiye aliyeanza.

"Umemwona yule binti?"

"Nimemwona."

"Alikuwa anamkuna pua."

"Alikuwa anafikiri."

"Najua. Alikuwa anafikiri na farasi wangu." Wakatembea kidogo. "Wale wa hotelini hakuna anayewagusa. Wamefungiwa."

Bi Mkasi alikuwa na la kusema, akalimeza. Safari hii hakutaka kujilaumu.

Kesho yake Kimya alikaa dirishani, akachukua kichwa kipya, na alipofika puani alipunguza mti kidogo sana, akaufuata kwa msasa mpaka pakawa na kibonde ambacho macho hayakioni. Kidole gumba kilikiona. Bosi aliposhika yule farasi alimgeuza mara mbili tatu, akasema, "Huyu amefanyaje?"

"Hajafanya kitu," alisema Kimya.

"Haya," alisema Bosi, na akampeleka kwenye gundi mwenyewe, kwa kumshika shingo.

Toka hapo alichonga kwa raha. Umbo lilikuwa lile lile, hakulivunja, lakini ndani yake alipata mahali pa kukaa. Mwaka mmoja manyoya ya shingo yalikuwa mazito. Mwaka aliozaliwa mtoto wao wa pili, ambaye hawakuwa naye muda mrefu, farasi walikuwa wameinamisha vichwa zaidi. Bi Mkasi peke yake ndiye aliyekuwa akijua, na hakumwambia mtu.

Plastiki ilipofika, haikuja na vita. Mteja mmoja alileta farasi wa plastiki mfukoni, akamweka kwenye meza ya Bosi. Walimzunguka wote watatu. Bosi alimpima uzito mkononi, akamkodolea macho.

"Ni yeye," alisema. "Uso ni wake. Hata kumchukia siwezi."

Shule zikaanza kununua hao, na mtu angezilaumuje? Walikuwa rahisi, watoto wakiwapoteza hakuna anayelia. Karakana ikabaki na miguu ya meza na nguzo za vitanda. Bosi alikereza mpaka miguu yake ikakataa kusimama, na alipofariki watoto wake waliuza mashine kwa mtu wa mbali. Kimya alichonga miiko, akatengeneza milango ya majirani, akapoteza macho kidogo kidogo, na akaondoka kama alivyoishi, baada ya homa fupi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Watu walipokuja kumpa pole walisema marehemu alikuwa mtu mtulivu. Bi Mkasi aliitikia. Moyoni alikuwa anasikia mluzi kutoka bafuni.

Sasa anakaa kwa binti yake, ghorofani. Anapenda kutembea asubuhi kabla jua halijawa kali, na juzi juzi miguu ilimpeleka nyuma ya soko la mbao. Pale palipokuwa karakana panauzwa matairi. Dirisha lipo bado, ila limezibwa kwa bati. Alisimama akitazama mpaka muuza matairi akamletea kiti.

"Shikamoo bibi. Unatafuta kitu?"

"Marahaba mwanangu. Sitafuti kitu. Nilikuwa nafanya kazi hapa."

"Hapa? Mlikuwa mnatengeneza nini?"

"Farasi."

Kijana akatazama ndani ya duka lake, akatazama nje, akawa kama anapima mlango. "Farasi wa kweli, bibi?"

"Wa kweli kabisa. Ila hawakuwa wakila."

Kijana akacheka, akaagiza chai kwa jirani, akavuta tairi moja na kulikalia. "Haya, niambie," alisema. Bi Mkasi akamwambia, kuanzia mfuko wa kitambaa mpaka ndevu za wafalme. Wateja wawili walikuja, wakasubiri, na mmoja akaketi kusikiliza. Alipofika kwa kinyozi na karani wa posta walicheka wote mpaka chai ikamwagika. Kisha akaona kivuli kimesogea, akakumbuka binti yake huwa na wasiwasi akichelewa, akarudisha kikombe, akaaga, akaenda zake taratibu upande wa kivulini.